Kiganja Juu ya Simu

Mhadhiri wetu wa historia huingia kwenye semina na simu mkononi, huilaza kifudifudi mezani, kisha huifunika kwa kiganja kama mtu anayezuia panzi asiruke. Sauti yake ni ya chini, na kila muhula huanza na onyo lilelile: "Atakayeniletea ensaiklopedia ya mtandaoni kama rejea, tusijuane. Kule kila mpita njia anaandika." Sisi huitikia kwa adabu, ingawa wote huanzia huko, maana kwa muda mfupi unaielewa mada na kujua vitabu vya kutafuta.

Jana binti mmoja alikuwa akitetea utafiti wake kuhusu reli ya zamani, na vidole vya mhadhiri vikaanza kugonga mgongo wa simu. "Injinia uliyemtaja siye, binti yangu," alisema, akataja jina jingine. "Kwa kosa hili siwezi kukupitisha."

"Samahani, Mwalimu," alisema binti, macho chini. "Hilo jina jingine halimo kwenye kitabu chochote. Nililiandika mimi kule kwenye ensaiklopedia ya mtandaoni, kimakosa. Nilipoona nyaraka zenyewe wiki iliyopita, nikalirekebisha."

Hakuna aliyecheka. Tuliona haya kana kwamba tumefungua mlango tukamkuta mhadhiri hajavaa. Mhadhiri alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena. "Endelea, mama," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Simu akaitia mfukoni. Kiganja kilirudi mezani, kikafunika pale ilipokuwa.