Mpasua Mbao wa Makurunge Asiyegonga Mti

Saa moja asubuhi, Mwishehe Majaliwa anavua shati, analitundika kwenye tawi la mkorosho, kisha anauzunguka mvule mara mbili bila kuugusa. Nyuma yake, kando ya shamba la mihogo, wamekaa watu wasiopungua ishirini. Hawakuja kusaidia. Wamekuja kuona kama mti una tundu.

Anayesema tundu lipo ni Bwanausi, mnunuzi wa miti wa tajiri mmoja wa mbao wa mjini Bagamoyo. Naye yupo, ameegemea baiskeli yake.

"Mwishehe," anaita, "ukikuta popo humo ndani, mmoja niwekee."

"Nitakuwekea wawili," anajibu Mwishehe bila kugeuka. "Wako na wa tajiri wako."

Watu wanacheka. Shoka la kwanza linaingia.

Mti huu ulioko Makurunge ni wa Bi Sihaba Msabaha, mjane wa miaka sitini hivi, mwenye ekari tatu za mikorosho na mihogo. Mwezi uliopita Bwanausi alitaka kuununua kwa shilingi themanini. Siku sita baadaye Mwishehe alimlipa Bi Sihaba shilingi mia mbili themanini na nane, taslimu, mti ukiwa bado umesimama.

Fedha hizo ni akiba ya miezi kumi na minne. Mti ukiwa mzima, zitarudi na ziada kidogo. Ukiwa mtupu, Mwishehe hatapoteza akiba peke yake. Bwanausi atakuwa amesema kweli mbele ya mashahidi ishirini, na wenye miti wa Makurunge watarudi kuuza kwa bei anayotaja yeye.

Mwishehe ana umri wa miaka arobaini na saba. Ni Mkwere, mzaliwa wa Lugoba. Hasomi zaidi ya tarakimu na jina lake, lakini hesabu za mbao huzifanya kichwani haraka kuliko karani. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1962 alifanya kazi kwa tajiri mwingine wa mbao, ambaye sasa ni marehemu. Alipasua mbao na pia alikuwa mgongaji.

Mgongaji ni mtu anayejulikana na kila mwenye mti katika sehemu hizi. Anafika na rungu, anaugonga mti mara tatu, anaweka sikio, anatikisa kichwa. Kisha anasema mti una tundu. Bei inashuka hadi nusu au chini ya hapo kabla mazungumzo hayajaanza, na mwenye mti hana namna ya kubisha, kwa sababu ndani ya mti hakuna aliyeingia.

"Nimegonga miti miaka minane," anasema Mwishehe. "Sikumbuki hata mmoja niliousema kuwa ni mzima."

Je, mlio wa mti hauelezi kitu? "Unaeleza. Mti mtupu hasa hulia kama pipa. Lakini tajiri hakuniajiri nisikilize. Aliniajiri niseme."

Mti anaoukumbuka kuliko yote ni mkongo wa Vigwaza, mwaka 1961. Ulikuwa wa mzee mmoja, Mbaruku. Mwishehe aliugonga, akasema una tundu, mzee akapewa shilingi thelathini. Siku ya nne ya kupasua, mzee alikuja kwenye shimo la kupasulia kuomba mabanzi ya kujengea banda la kuku. Akaliona gogo limefunguliwa katikati, jekundu, safi, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Akauliza, 'Tundu liko wapi?' Akauliza mara moja tu. Mimi nilikuwa juu ya gogo, nimeshika msumeno. Niliendelea kuvuta."

Hakuacha kazi siku ile. Aliacha mwaka mmoja baadaye, alipopata fedha ya kununua msumeno wake mwenyewe, wa futi saba, ambao umekwisha meno kwa kunolewa na hata sasa anautumia.

Tangu hapo, miaka saba sasa, hajagonga mti. Hununua kwa kamba na keekee.

Kamba ina fundo kila baada ya futi moja. Anaizungusha kwenye shina, usawa wa kifua, na mwenye mti ndiye anayehesabu mafundo kwa sauti. Kisha anatoboa hadi kwenye moyo wa mti kwa keekee yenye urefu wa futi moja na nusu. Ungaunga unaotoka anamwekea mwenye mti kiganjani. Ukiwa mkavu na una harufu ya mti, moyo ni mzima. Ukiwa mweusi na una maji, mti umeoza, na bei huteremka huku wote wawili wakiona sababu. Tundu la keekee huzibwa kwa kijiti.

Mvule wa Bi Sihaba ulikuwa na mafundo tisa, na shina lililonyooka futi ishirini na nne. Ungaunga ulitoka mkavu. Mwishehe akakadiria magogo manne ya futi sita, kila gogo mbao kumi na nane. Jumla mbao sabini na mbili, ambazo mafundi wa milango mjini hununua kwa shilingi kumi na mbili ubao mmoja.

Bei anayolipa ina kanuni moja: katika kila mbao tatu, ubao mmoja ni wa mwenye mti. Kwa mvule huu, sehemu ya Bi Sihaba ilikuwa mbao ishirini na nne, yaani shilingi mia mbili themanini na nane. Ada ya serikali, kibali na lori humeza shilingi mia mbili na kumi na sita. Zinabaki shilingi mia tatu na sitini za kugawana watu wawili kwa kazi ya wiki tano.

Mtu wa pili ni Raymundi Yosefu, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, mtoto wa misheni, anayevuta msumeno kutoka chini, ndani ya shimo, ambako vumbi lote la mbao hushukia.

"Yeye juu anaona watu na ndege," anasema Raymundi. "Mimi naona miguu yake. Miaka sita naiona. Kama kuna mwenye haki ya kulalamika kuhusu bei za Mwishehe, ni mimi."

Hulalamika?

"Kila siku. Hasikii, yuko juu."

Kuna waliojaribu njia kali zaidi. Mwaka 1966, wanunuzi wa mbao wa mjini walikubaliana wasipokee mzigo wa Mwishehe. Walisema anaharibu biashara. Kwa miezi miwili mbao zake zilikaa chini ya makuti nyumbani kwake, na mkewe, Mwanajuma, akauza maandazi ili nyumba ipate kula. Mwishehe akaanza kupeleka mbao kwa mafundi seremala mmoja mmoja kwa mkokoteni, akipita mbele ya milango ya waliomkataa.

"Ningeweza kupita njia ya nyuma," anasema. "Ni fupi zaidi. Lakini nilitaka wanione."

Mafundi waligundua kwamba bila mtu wa kati wanapata ubao uleule kwa senti pungufu. Hawakurudi kwa matajiri. Ndiyo maana Bwanausi na wenzake hawazungumzii tena mbao za Mwishehe. Wanazungumzia miti yake, na husubiri siku atakaponunua tundu.

Saa tano kasoro robo, mvule unalia. Mwishehe anachomoa msumeno, Raymundi anagonga kabari ya mwisho, na wote wawili wanarudi nyuma. Mti unaanguka palepale ulipoelekezwa, kati ya mistari miwili ya mihogo. Mashina matatu tu ya mihogo yanavunjika. Bi Sihaba anayahesabu.

Kisiki ni kizima. Watu wanasogea. Mwishehe anapima futi sita, wanakata. Gogo la kwanza ni zima, rangi ya asali. Wanapima futi sita nyingine, wanakata tena. Mwisho wa gogo la pili kuna doa jeusi lenye ukubwa wa kisahani cha chai.

Wanakata mahali pa tatu. Msumeno unaingia upesi kuliko kawaida, kisha unavuta hewa. Gogo la tatu linapojitenga, linaonyesha tundu linaloingia kichwa cha mtu, lenye uozo uliolowa. Juu yake, chini ya gamba lililojifunga vizuri, kuna kovu la tawi lililovunjika miaka mingi iliyopita. Mvua ilipita hapo na kushuka ndani. Keekee iliyotoboa usawa wa kifua isingeweza kufika.

Bwanausi hakimbilii kucheka. Anasogea, anainama, anaingiza mkono ndani ya gogo hadi kwenye kiwiko.

"Nilisema," anasema.

"Ulisema," anajibu Mwishehe. "Ungesema na mahali lilipo, ningekuajiri."

Katika gogo la nne tundu limeingia inchi chache tu, na lililobaki ni zima. Hasara, kwa hiyo, ni gogo moja kati ya manne: mbao kumi na nane, shilingi mia mbili na kumi na sita. Fungu la watu wawili kwa wiki tano limeshuka hadi shilingi mia moja arobaini na nne, yaani sabini na mbili kila mmoja. Kibarua wa shambani, kwa siku zilezile, hupata zaidi.

Hapo Bi Sihaba anafungua pindo la kanga. Naye amepiga hesabu.

"Mwishehe, kanuni ni yako," anasema. "Mbao ni hamsini na nne, si sabini na mbili. Changu ni kumi na nane. Nimepokea za mbao sita ambazo hazipo. Shika shilingi zako sabini na mbili."

"Weka, Bi Sihaba."

"Sitaki kula cha mtu."

"Mti ungekuwa na mbao tisini, ungenijia kudai nyongeza?"

"Ningejuaje? Ungekuwa umeshapasua."

"Basi. Niliununua umesimama. Mti ni wangu, na tundu ni langu."

Raymundi, aliyekaa juu ya gogo la nne, anasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba yeye angezipokea. Hajabadili maneno hayo hadi leo. "Nusu ya tundu lile ni yangu," anasema, "na mimi sikuulizwa." Hata hivyo asubuhi iliyofuata alikuwa shimoni kabla ya mwenzake.

Wako wengi Makurunge walioona kama Raymundi. Wengine walisema Mwishehe ana kiburi, na yeye hakatai. "Ningerudishiwa zile fedha, kesho kila mnunuzi angerudi kwa mwenye mti kudai. 'Hata Mwishehe alirudishiwa.' Tundu lisiloonekana lingekuwa la mwenye mti tena. Miaka yote lilikuwa lake. Sasa liwe letu sisi wenye misumeno."

Siku nane baadaye, Bwanausi alifika kwa jirani wa Bi Sihaba, Bi Mardhiya, mwenye mkongo mmoja nyuma ya nyumba. Mazungumzo yao yanasimuliwa Makurunge nzima, na wote wawili, walipoulizwa kila mmoja kwa wakati wake, wanayakubali.

"Shikamoo, Bi Mardhiya."

"Marahaba. Na rungu lako marahaba."

Bwanausi aligonga mara tatu, akaweka sikio, akatikisa kichwa. "Huu una tundu, bi mkubwa."

"Kama la Sihaba?"

"Kama la Sihaba hasa."

"Haya," akasema Bi Mardhiya. "Lete bei ya Sihaba."

Bwanausi aliondoka bila kununua. Mwishoni mwa wiki alirudi na futikamba ya fundi cherehani na bei ya shilingi mia moja na tisini. Bi Mardhiya hajauza. Anasema hana haraka, mti hauli.

Mwishehe hakuuomba mkongo huo. Akiba imekwisha, na mbao hamsini na nne za mvule bado ziko shimoni na kwa mafundi. Anakadiria kwamba hatanunua mti mwingine mkubwa kabla ya miezi minane. Msumeno mpya, aliokuwa ameupangia mwaka huu, umesogezwa hadi mwaka kesho.

Anachofanya kwa sasa, jioni baada ya kazi, ni kusokota kamba za katani na kuzifunga mafundo kwa kipimo cha futi. Amekwisha kutengeneza kumi na moja. Anaziacha kwa wenye miti ili wapime wenyewe kabla mnunuzi yeyote hajafika, na yeye akiwemo. Anawafundisha kanuni ya ubao mmoja katika tatu, na kwamba mnunuzi anayetaka kugonga, agonge, lakini kwanza apime.

Kamba ya kumi na moja ameipeleka Vigwaza. Mzee Mbaruku alifariki mwaka 1967. Shamba analo binti yake, Mize, na ndani yake mna mikongo miwili iliyoota karibu na kisiki cha ule wa kwanza. Bado ni myembamba, mafundo manne kila mmoja. Mwishehe anasema itafaa kukatwa yeye akiwa mzee, kama mikono itakuwa bado inashika msumeno.

"Nimemwambia asiiuze upesi, hata kwangu. Na siku nikiipasua, aje akae pale pale alipokaa baba yake. Akiniuliza tundu liko wapi, nitasimamisha msumeno, nishuke, nimwonyeshe. Na kama halipo, nitamwambia halipo."