Vidole Viwili vya Makomoke Persis

Makomoke Persis Kemuma ana vidole vifupi, vyeusi kwenye ncha kwa utomvu wa majani chai, na kwa vidole hivyo amegonga nyuso za karibu nusu ya watu wa upande wetu wa Nyaramba. Makomoke ni mama mdogo. Aliolewa na ndugu wa baba yangu. Ana miaka hamsini na sita, shamba la chai lisilofika ekari moja, ng'ombe mwenye hasira, na binti mmoja, Lorna, aliyeolewa ng'ambo ya mto. Baba mdogo alifariki nikiwa darasa la pili.

Alijifunza kugonga mwaka wa 2021. Wakati huo alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, na wahudumu waliitwa Nyamira mjini, kwenye ukumbi wa kanisa, wakafundishwa kwa siku mbili na wanawake wawili kutoka Nairobi. Walionyeshwa mahali pa kugonga taratibu kwa ncha za vidole huku mtu akisema kinachomsumbua: ubavu wa kiganja, mwanzo wa nyusi, kando ya jicho, chini ya jicho, chini ya pua, kidevuni, chini ya mtulinga, chini ya kwapa, halafu utosini. Waliambiwa kwamba mwili una njia za nguvu, na mshtuko ukikwama humo unagongwa mpaka ufunguke. Makomoke anasema sehemu ya njia za nguvu hakuielewa vizuri kwa sababu chakula kilikuwa kimeshaletwa.

Jambo moja alilibadilisha mwenyewe. Wale wanawake walifundisha kwamba kabla ya kugonga umuulize mtu, uchungu wako ni ngapi kati ya sifuri na kumi? Huku kwetu watu walikuwa wanajibu "ni mwingi" au "Mungu anajua." Basi akaanza kuuliza kwa kilo. "Ukiuweka kwenye kikapu cha chai, ni kilo ngapi?" Hapo kila mtu ana jibu. Mwanamke aliyepoteza mtoto alisema kilo arobaini, na kikapu hakibebi kilo arobaini. Baada ya kugongwa alisema thelathini na mbili. Makomoke alimwambia hiyo inatosha kwa siku moja, na kesho yake akampeleka mwenyewe hospitali, kwa sababu kuna mambo, alisema, ambayo vidole vinafungua mlango tu.

Mzee Gibson wa kanisa letu aliwahi kumuuliza mbele ya watu, Sabato, baada ya ibada.

"Persis, tunasikia unawapigapiga watu usoni. Huo si uganga?"

"Mzee, jino likikuuma unashika wapi?"

"Shavu."

"Na nani alikufundisha?"

Watu walicheka na mzee naye akacheka, na sasa hivi yeye mwenyewe hugongwa kabla ya kuhubiri.

Mimi nilimuuliza mwalimu wangu wa Biolojia. Alisema njia hizo za nguvu hazimo katika kitabu chochote alichosoma, lakini kupumua polepole na kusema jambo kwa sauti kunaweza kumtuliza mtu. Nilipompelekea makomoke jibu hilo alisema, "Mwambie aje na mwili wake."

Mtu mmoja tu alimshinda, naye alikuwa mume wa Lorna.

Haron ni karani wa kituo cha majani chai ng'ambo ya mto. Kazi yake ni kupima chai ya wakulima kila alasiri kabla lori la kiwanda halijafika. Katikati ya mwezi wa tatu mwaka huu radi ilipiga kile kituo. Haron alikuwa ametoka kidogo, na rafiki yake Omosa, mkulima aliyeleta chai yake, ndiye aliyekuwa ameshika ndoano ya mizani. Omosa alikufa papo hapo. Haron aliangushwa chini, hatua kama ishirini kutoka hapo, akaamka bila jeraha.

Tangu siku hiyo, mawingu yakianza kujikusanya, Haron aliingia chumbani, akaketi sakafuni kati ya kitanda na ukuta, akaziba masikio mpaka mvua iishe. Anayejua milima yetu anajua kwamba mvua ni ya kila alasiri, na chai nayo inapimwa alasiri. Hospitali walimpima wakasema mwili uko sawa, wakamwandikia siku ya kuonana na mshauri. Alienda mara moja. Kiwanda kilimvumilia hadi mwisho wa mwezi wa tano, halafu msimamizi akampigia simu: Jumatatu awe kwenye mizani, akikosa, kazi inapewa mtu mwingine. Lorna ana mtoto wa miaka miwili, Ronny, na hawana shamba lao la chai. Kazi hiyo ndiyo nyumba.

Sasa mtu wa mbali atauliza, kwa nini mama mkwe asimgonge? Ni kwa sababu ya chinsoni. Hiyo ndiyo heshima yetu ya wakwe. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawapitani karibu ikiwa njia ni nyembamba. Mmoja anaingia kwenye majani amsubiri mwenzake apite. Na kuna maneno ambayo hayasemwi mmoja akimsikia mwingine, maneno yoyote ya mwili. Kumgonga Haron chini ya kwapa! Hata kulifikiria tu, makomoke alifunika mdomo.

Kwa hivyo alimfundisha Lorna. Ijumaa asubuhi Lorna alivuka mto akaja, akafundishwa kwenye uso wangu mimi, akarudi. Jumamosi jioni alipiga simu, na makomoke akaweka sauti kubwa.

"Mama, amekasirika."

"Ulimgonga vipi?"

"Vile ulisema."

Sauti ya Haron ilisikika nyuma: "Ananipiga kama mtu anapukuchua mahindi!"

"Ulimwambia aseme nini?" makomoke aliuliza.

"Aseme, ingawa naogopa radi, najikubali. Alisema mara tatu. Halafu akaniambia, Mama Ronny, mimi siogopi radi, niache."

Makomoke alikata simu, akajikuna ncha za vidole. Halafu akaniambia, "Umemsikia? Haogopi radi. Tumekuwa tukigonga kitu cha mtu mwingine."

Jumapili alasiri aliwaita waje. Alikuwa amepanga kila kitu. Jiko letu la nje lina ukuta wa udongo. Yeye alikaa ndani kwenye kigoda, mgongo ukutani. Haron aliwekewa kiti nje, chini ya paa, mgongo wake kwenye ukuta uleule, na Lorna akasimama mbele yake. Makomoke angesema, Lorna angegonga, na mkwe na mama mkwe wasingeonana. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua maharagwe, Ronny akiyamwaga.

"Baba Ronny," makomoke alisema kwa ukuta.

"Naam, mama."

"Kilo ngapi?"

Haron alifikiri. "Mizani haifiki, mama."

"Sawa. Mama Ronny, ubavu wa kiganja. Polepole, hayo si mahindi. Baba Ronny, usiseme radi. Sema siku hiyo ilikuwaje. Anza asubuhi."

Alianza asubuhi. Alisema alivyokunywa chai na viazi vya jana, vilivyolala. Alisema njia, wakulima, lori lilivyochelewa. Lorna akahamia kwenye nyusi, kando ya jicho, chini ya jicho. Sauti ya Haron ilikuwa shwari. Alisema Omosa alikuja na kikapu akamtania kuhusu viatu vyake. Mawingu yakaja. Kisha akafika mahali akasimama.

"Halafu?" makomoke alisema.

"Halafu nilitoka."

"Kwenda wapi?"

Lorna akajibu badala yake, "Alienda kuchukua mwavuli, mama. Alitwambia."

"Sikukuuliza wewe. Baba Ronny, ulienda kuchukua mwavuli?"

Jasho lilimtoka Haron shingoni. Upande wa vilima vya Manga ngurumo ya kwanza ilisikika, ya mbali bado. Alitazama ule ukuta nyuma yake mara moja, haraka, kama mtu anayeangalia iwapo mlango umefungwa.

Makomoke hakuliona hilo, maana ukuta ulikuwa katikati. Lakini aliinuka, akachukua gunia tupu akalifunika kichwani.

"Mama Ronny, endelea hapo chini ya mtulinga. Mimi naenda kuangalia ng'ombe."

"Mama, mvua inakuja!"

"Na ng'ombe yuko mvuani."

Ng'ombe alikuwa zizini, sisi sote tulijua. Alipita mbele yetu kwa mbali, akashuka katikati ya michai hadi mwisho kabisa wa shamba, karibu na migomba, akasimama huko akitupa mgongo. Matone yakaanza. Kutoka pale asingeweza kusikia hata mtu akipiga kelele.

Lililofuata naliandika kwa ruhusa ya Haron, na makomoke, ambaye anasoma vizuri kuliko wengi, ameahidi kuliruka. Mimi nililisikia kwa sababu ni shemeji wa Haron, na kwa shemeji hakuna la kuficha, sisi ni wa kutaniana tu.

"Ni tumbo," Haron alisema.

"Tumbo lipi?" Lorna bado alikuwa anagonga.

"Viazi vile. Tumbo lilinikamata, nikashindwa. Hakukuwa na mwavuli wowote. Nilimwambia Omosa, ndugu yangu, nishikie ndoano hii dakika mbili, niingie kwenye michai. Nilikuwa nimechuchumaa wakati ilipopiga, Lorna. Nimechuchumaa. Mtu amekufa mahali pangu nikiwa nimechuchumaa. Watu walikuja wakanikuta..." Hakumaliza.

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ungemwambia mama yako."

Lorna hakubisha. Ni kweli angemwambia.

"Na wa kwao Omosa wananiuliza, alikufa vipi, alikuwa anafanya nini kwenye mizani yako? Nitawaambia nini? Ndiyo maana mawingu yakija nasikia aibu. Hiyo ndiyo inanipeleka sakafuni. Si radi."

"Sema hiyo basi," Lorna alisema, akaanza tena kwenye kiganja. "Ingawa nilimwachia Omosa ndoano kwa sababu ya tumbo."

Alisema. Mara ya kwanza sauti ilikatika. Mara ya pili alilia, na mvua ikaanza kunyesha kwa nguvu ikagonga mabati mpaka sikusikia kitu. Niliona tu mdomo wake ukienda na vidole vya Lorna vikizunguka uso, nyusi, jicho, pua, kidevu. Radi ilipiga mahali fulani ng'ambo. Haron alishtuka kitini, akashika kiti kwa mikono miwili, lakini hakukimbia. Sijui kama ni vidole au ni maneno. Niliangalia kwa makini sana na bado sijui.

Makomoke alirudi mvua ilipopungua, amelowa hadi sketi ya ndani, gunia likidondosha maji. Alipita mbali vilevile, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma.

"Ng'ombe yuko sawa?" Lorna aliuliza.

"Hana shida. Baba Ronny, kilo ngapi?"

"Inabebeka, mama. Ni nzito lakini inabebeka."

"Jumatatu utakuwa na kilo hizo hizo kwenye kituo. Ukizisikia, shika ubavu wa kiganja mwenyewe, huhitaji mtu. Na siku ya mshauri hospitalini utaenda, Mama Ronny atakusindikiza."

Jumatatu nilikuwa shuleni. Lorna alikwenda kituoni na Ronny mgongoni akakaa kwenye jiwe kuanzia saa nane, na yaliyotokea nimeyapata kwake. Ilinyesha saa tisa. Kwa ngurumo ya kwanza Haron aliiacha ndoano akaingia stoo. Akatoka akigonga kiganja. Mwanamke mmoja akauliza, "Karani anapiga makofi ya nani?" na mwingine akamwambia anyamaze. Aliingia stoo mara ya pili, akatoka tena. Alipima vikapu vyote. Lori lilipofika saa kumi na moja chai ilikuwa tayari, na msimamizi, aliyekuja na lori, alimwambia tu, "Kesho usichelewe."

Lakini Haron alisema bado kuna mahali hajafika. Alhamisi alikwenda kwa mama yake Omosa na sukari na unga, Lorna akiwa naye, akamwambia yote, viazi na tumbo na michai. Kwa mama wa rafiki hakuna chinsoni ya aina ile, ni kama mama yako aliyekuosha ukiwa mtoto. Yule mama aliuliza swali moja: mwanangu alipochukua ndoano, alinung'unika?

"Hapana," Haron alisema. "Alikuwa ananicheka. Alinicheka mpaka nikafika kwenye michai bado namsikia."

Ijumaa Lorna alikuja kutueleza. Makomoke alikuwa shambani anachuma kabla ya Sabato kuingia, mikono miwili ikienda kwa wakati mmoja, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Lorna alichagua maneno kwa uangalifu.

"Mama yake Omosa alilia sana, halafu akacheka."

"Alicheka?"

"Alicheka, akalia tena, akamfungia Haron ndizi za kubeba. Akamwambia arudi amweleze tena, polepole, kuanzia pale Omosa alipoanza kucheka."

Makomoke alitupa chai begani, ndani ya kikapu.

"Basi wataelewana," alisema. "Na usiniambie walikuwa wanacheka nini."