Jina Tulilomvua Mdogo Wangu

Tulikuwa wanne chumbani kwa daktari siku ile, hapa mjini Tabora: daktari mwenyewe, mimi, mdogo wangu wa kike, na binti yangu wa miaka minane, aliyekuwa amekwisha kuingia chini ya meza. Daktari akaniuliza, "Mama, kwenu kuna mwingine aliyekuwa hivi?"

Akili yangu ilirudi nyumbani, ndugu yangu. Nilimwona baba.

Baba alikuwa mlina asali, upande wa Tura. Mcheshi, lakini hatulii: anachonga mpini, anauacha, anakwenda kumenya karanga, nazo anaziacha. Siku moja alipanda mti kushusha mzinga, akasahau kujifunga kamba. Nilisikia kishindo; hakuamka tena. Mama alikuwa ametangulia. Nikaacha shule darasa la sita, tukalelewa na bibi mzaa mama, kwa viazi vitamu vikavu, michembe ya kuchemsha iliyonukia uwanja mzima.

Mdogo wangu alikuwa vilevile. Ukimtuma maji, ndoo utaikuta njiani. Mwalimu alichoka. Alikuwa na jina la marehemu mama yake baba, na bibi akasema, "Tabia imekuja na jina. Tumvue." Akamnyoa, akampaka unga wa mtama kwenye paji la uso, akampa jina jingine. Mlinzi wa jina hilo nilikuwa mimi. Akiitika la zamani, namchapa. Akikaribia mti, namchapa zaidi. Nilikuwa naogopa, basi.

"Si jina, wala si malezi," daktari alisema nilipomaliza kumsimulia. "Hali hii ya kutotulia hurithiwa sana. Ni vinasaba vingi, vya upande wa baba na wa mama, kila kimoja kinaongeza kidogo. Lakini kurithi hali si kurithi ajali ya mtu. Huyu tutamsaidia."

Mdogo wangu akacheka. "Kumbe dada ulikuwa unaichapa damu! Mbona haikusikia?"

Daktari naye akacheka. Mimi sikuweza.

Bibi hayupo tena. Msitu wa baba umeishia kwenye matanuri ya mkaa, na tuliolijua jina lile tumebaki wawili. Binti yangu akipanda ukuta, moyo bado unanipasuka, ila sasa namshika mkono, fimbo sishiki.

Mdogo wangu hajanidai kitu. Lakini deni la msamaha ninalo shingoni, sijamwomba. Kila nikifungua mdomo kumwomba, namwita kwa jina tulilompa sisi.