Betri ya Nusu Saa

Tulikuwa juu ya ziwa, tukirudi Kampala ndani ya mawingu, jenereta zote mbili za ndege ndogo ya serikali zilipozimika. Ilibaki betri, ya nusu saa tu. Hapo rubani kama mimi huacha redio na vipimo vya kumwongoza vikiwaka, mengine yote huzima. Nikazima taa za abiria na birika lao la chai.

Afisa wa jeshi, mmoja wa abiria, akaja mbele. "Nani alisema zima?"

Miaka ile ya utawala wa kijeshi hakuna aliyegusa kitu cha afisa bila amri, lakini nilikuwa nimechoka hata kuogopa.

"Afande, umeme uliobaki ni kama sukari ya nyumbani kwangu. Ikiisha, madukani hakuna nyingine."

"Hata kwangu imeisha," akasema, akarudi kufunga mkanda.

Tulitua redio ikianza kufifia.