Fundo la Pili

Mama mlezi wa mtaa wa Kadutu, Tantine, yaani shangazi, kwa watoto wote, anayelea nyumbani mwake watoto ambao bila yeye wangelala kwenye kituo cha watoto, hana haraka na kamba za viatu vyao. Siku za kawaida hufunga fundo moja, akiimba Kimashi, jicho likiwa kwenye sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Siku ambayo gari, jipu ya maman, yule mama wa huduma ya jamii, inakuja kumpeleka mtoto kwa ndugu waliopatikana mbali, huko Kalehe au Miti, hufunga mawili, bila wimbo. Vidole vyake vinene hukaza polepole, maana hajui kama huko atakuwepo wa kuinama na kufunga upya. Watoto tisa wameondoka hivyo.

Jana jipu ilipanda kilima hadi mlangoni. Kabla dereva hajazima moteri, mtoto wa kumi, msichana wa miaka minne, alikuwa amevuta mfuko wake chini ya kitanda, amevaa viatu, amesimama mlangoni bila kulia.

"Bado, mama. Leo iko sabuni tu," dereva alimwambia mama mlezi.

Jipu ilishusha sabuni, ikaenda zake, vumbi likatulia. Mtoto angali mlangoni, amemnyooshea mama mlezi mguu.

"Tantine, funga mara mbili."

Mama mlezi akainama. Akautafuta wimbo, akaukosa. Akafunga.