Kanuni Iliyoyajua Majina Yetu

Nilirudi Butembo na diploma yangu ndani ya bahasha ya plastiki, na sioni aibu kusema kwamba hakuna mjomba wala padri aliyenisukuma. Niliipata Kampala, nikitengeneza simu za watu mchana na kusoma jioni. Leo ofisi yangu iko mjini humo, Kimemi, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na kibao cha mlangoni kinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nilikichora mwenyewe.

Kazi yangu ni kutafuta makosa ya programu za simu kabla hazijazaliwa. Mtu anachora kwenye karatasi jinsi kioo cha simu kitakavyoonekana: vitufe hapa, majina pale. Mimi nachukua kanuni chache zilizo wazi na kuipitisha kila karatasi chini yake. Je, mtumiaji anajua yuko wapi? Akikosea, anaweza kurudi nyuma? Programu inamzuia kukosea kabla hajakosea? Kanuni hizo ziliandikwa mbali sana, na watu wasioujua ukungu wa Butembo wala vumbi lake. Darasani nilizikariri kama katekisimu, nikapata alama za juu kuliko wote. Uzito wake niliuona siku nilipokagua programu ya yaya yangu.

Yaya kwetu ni dada mkubwa, na huyu wangu ni muuguzi. Ana zahanati ndogo Beni, na akina mama wajawazito wanaofika pale ni wengi kuliko benchi zake. Damu anayowatoa hupelekwa maabara Butembo, na majibu hurudi kwa karatasi, mfukoni mwa dereva, barabara ikiruhusu. Kuna mama anayeshikwa na uchungu majibu yake yakiwa bado njiani. Ndiyo maana mwenzangu wa ofisini alichora programu ya kutuma majibu hayo kwa simu. Yaya aliweka sharti: ataitazama mara moja tu. Asipoiamini, ataendelea na dereva wake.

Anayechora hakai pamoja na anayekagua. Nilimtoa mwenzangu nje nikafunga mlango. Michoro ilikuwa safi, nami nilikuwa nimeshaanza kuridhika nilipofika kwenye orodha ya wagonjwa. Majina yamepangwa vizuri, la kuzaliwa na la ubatizo. Nikaipita. Kisha nikairudia, nikiwa na ile kanuni ya kuzuia kosa.

Sisi Wanande hutoa majina kwa zamu ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, na ni vivyo hivyo nyumba ya jirani, iwe ya Wakatoliki au ya Waprotestanti. Na majina ya ubatizo tunayoyapenda si mengi. Kwenye orodha ile majina pacha yalikaa juu na chini, na mwenzangu, Mnande kama mimi, hakuona kitu. Hata mimi sikuona. Tumezoea mno. Ni kanuni iliyoniuliza: na akigusa la juu badala ya la chini?

Karatasi na penseli tu, programu yenyewe bado haipo popote duniani, na tayari nilikuwa nimemwona mwanamke atakayetibiwa kwa majibu ya damu ya mwingine. Watu wasiojua hata jina langu walikuwa wameandika swali lililofika mpaka kwenye namna tunavyoitwa nyumbani. Mimi ambaye sishangazwi na maghorofa wala ndege, nilishangaa pale juu ya duka la vipuri.

Tukachora upya, nikateremka Beni na michoro yote miwili.

“Weye muloko,” yaya akasema, maana mimi ni mdogo wake, “myaka yote kule Uganda, na unaniletea makaratasi? Computer iko wapi?”

“Mimi ndiyo computer, yaya. Weka kidole kwenye unataka, mimi nabadilisha karatasi.”

“Basi computer inywe maji kwanza. Inatoka jasho.”

Orodha zote mbili nilikuwa nimezijaza kutoka daftari la wagonjwa wa siku hiyo. Nilimpa mchoro wa zamani kwa makusudi, nikamtajia jina la mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi. Kidole kikaenda mbio. Nikaweka karatasi ya majibu ya mfano: damu imepungua sana. Yaya alisahau kwamba tunajaribu tu.

“Ah, huyu hapana kurudi nyumbani leo.” Akaenda mlangoni, akaita jina.

Wanawake wawili wakasimama.

Yaya aliwatazama, kisha akanigeukia. “Iko ya nani? Ya ule wa kitambaa ya bluu, ao ya huyu?”

“Mimi computer, yaya. Sijui.”

Akawaambia wakae. Hakucheka tena. Nikamwekea mchoro mpya: chini ya kila jina kuna jina la mama mzazi, mtaa na umri, na kabla ya majibu kufunguka kioo kinauliza kama umehakikisha na mgonjwa mwenyewe.

“Mais hii inaniuliza sana, kama mama-mukwe,” akanung'unika, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake. Akamwita muuguzi mwenzake aliyekuwa chumba cha pili, ambaye hakuwa amesikia lolote. “Njoo ujaribu. Tafuta majibu ya ule mama wa kitambaa ya bluu.”

Muuguzi aligusa jina, nikabadilisha karatasi. Akasoma swali la kioo, kidole kikabaki hewani. Kisha akainua kichwa kuelekea benchi.

“Mama yako mzazi anaitwa nani?”

Mwanamke akajibu. Muuguzi akashuka hadi jina la pili, akaligusa hilo.

Hakuna aliyemwambia aulize. Kipande cha karatasi kilikuwa kimemsimamisha mtu mwenye haraka. Nilitaka kujisifu, na maneno ninayo mengi, lakini nikaishia kupanga karatasi zilizobaki.

Yaya hakunitazama. Alikuwa bado anaitazama karatasi ile.

“Donc tengeneza,” akasema. “Na upesi. Kuko bamama banazaa mwezi huu.”