Vigelegele Vilivyofunika Jibu

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa harufu ya udi. Mjomba wangu alipanda juu ya kiti akatoa betri ya king'ora cha moshi ili tufukize kwa raha zetu, maana mara ya kwanza kilipiga kelele mpaka jirani wa chini akaja kugonga mlango. Flati yenyewe ilikuwa hapa hapa London, mtaa huu wa Hayes, na siku ile ilibeba harusi nzima. Wanaume walikaa sebuleni, wanawake chumbani, na mimi nilikuwa juu ya kitanda nimejitanda mtandio, nasubiri baba aje kuniuliza kama nimekubali kuolewa.

Hebu nikurudishe nyuma kidogo, usije ukasema bibi anarukaruka.

Nilikuwa nasoma chuo, fasihi ya Kiingereza. Usinitazame hivyo. Mikono hii iliyoogesha wazee wa watu kwa mshahara miaka yote iliwahi kushika kalamu. Tulipewa riwaya moja nene ya zama za Malkia Victoria, imeandikwa na mwanamume, inamhusu binti wa mpiga chapa. Baba yake anapofuka macho, yeye ndiye anayeshika duka, anapanga herufi, anabishana na wateja. Siku moja anasimama mbele ya wakubwa wa mji kumtetea mwanamke ambaye mumewe alikuwa akichukua ujira wake wote, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilimruhusu. Anawaambia mke si kiti kinachouzwa pamoja na nyumba.

Nilimpenda binti yule, wallahi. Nilimsoma ndani ya basi mpaka nikapitiliza kituo. Nikaandika insha ndefu, nikasema mwandishi huyu, ingawa mwanamume, ingawa wa zama zile, alikuwa mtetezi wa wanawake kabla watu hawajazoea mambo hayo. Mwalimu wangu wa chuo aliisoma mbele ya darasa.

Nikampelekea Bi Zuwena. Huyu alikuwa somo yangu, yaani mtu mzima ambaye mama alimchagua anifunde mambo ya ndoa. Kwao Unguja alikuwa mwalimu wa sekondari kabla hawajakimbia Mapinduzi, na hapa London alikuwa karani wa ofisi. Riwaya ile alishaifundisha. Tulikaa kwenye mkahawa wa Waarabu Edgware Road, akaisoma insha yote bila kugusa chai yake, kisha akavua miwani.

"Umeandika vizuri," alisema. "Lakini mwisho hukuugusa."

"Mwisho anaolewa na binamu yake tajiri."

"Anaolewa vipi?"

Nikamweleza. Kasisi anamuuliza kama amekubali, yeye anafungua mdomo, na papo hapo kengele za kanisa zinaanza kulia. Sura inayofuata ni mke wa mtu na duka limeshauzwa.

"Alijibu nini?"

"Haikuandikwa, Bi Zuwena. Wenzangu wanasema ndio ufundi wenyewe."

"Ufundi gani? Kitabu kizima kampa maneno ya kuwasemea wengine. Ilipofika zamu yake ya kujisemea, kampigia kengele. Bwana yule alimpenda, sikatai, lakini alimwogopa. Usimsifu kwa jambo alilolikimbia." Akanitazama sana. "Na wewe nawe, mbona kila nikikuuliza habari za mchumba unanijibu habari za vitabu?"

Nikacheka. Siku zile hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa kila mtu. Baba alishatoa ahadi kwa rafiki yake wa ujanani, waliyekimbia naye, wakalala sakafu moja walipofika nchi hii. Mchumba alikuwa mtoto wa rafiki huyo. Hakuwa mtu mbaya, ila alishasema, kwa upole kabisa, kwamba mkewe hatokwenda darasani kukaa na wanaume. Nikimkubali, chuo basi.

Asubuhi ya harusi nikamwambia Bi Zuwena kwamba baba akija nitasema sitaki. Alinishika mkono. "Basi sema kwa sauti," aliniambia. "Kwetu sisi binti akinyamaza amekubali. Na ukinong'ona, ni kama umenyamaza."

Baba akaja mlangoni, mashahidi nyuma yake. Akamtaja bwana harusi, akataja mahari, akaniuliza kama namruhusu aniozeshe. Chumba kizima kilitulia, hata hita nilikuwa naisikia ikigonga. Nikasema, "Sitaki, Baba."

Sikunong'ona, mwanangu. Nimelirudia neno lile kichwani maisha yangu yote, na naapa sikunong'ona. Lakini shangazi yangu alikuwa ubavuni mwangu na mdomo wake ulikuwa tayari. Sijamaliza kusema, alipiga kigelegele, wenzake wakampokea, chumba kikajaa kelele. Mashahidi wakatabasamu. Bi Zuwena aliinuka akawa anapunga mikono, anasema ngojeni, ngojeni, nani wa kumsikia. Mimi nilimtazama baba. Wakati nasema alikuwa ananitazama usoni, na sasa alikuwa anatazama zulia. Alisikia. Akageuka akarudi sebuleni, na baada ya muda tukasikia wanaume wanaitikia dua.

Mume wangu, Mungu amrehemu, hakunipiga wala hakunilaza njaa. Alininyima tu kila nilichokitaka, kwa upole ule ule, na alikufa anaamini kwamba nilimkubali. Chuo sikurudi. Mama yako nimemzaa na nampenda, lakini kumpata yeye hakukunirudishia nilichokikosa, na nimechoka na watu wanaoniambia kwamba kulinirudishia. Na baba hatukuwahi kulizungumza mpaka tukamzika. Bi Zuwena alikuwa akiniomba radhi kila tukionana, kwa kosa lisilokuwa lake.

Sasa wewe. Juzi nimeikuta riwaya ile ile juu ya meza yako, umeipaka wino wa njano, umeandika pembeni kwa Kiingereza kwamba mwandishi alizitangulia zama zake. Nikakuuliza, huyu kijana wa harusi ya Jumamosi unamtaka? Ukanijibu, "It's fine, Bibi," macho kwenye simu, ukapandisha bega. Niliingia jikoni nikalia, mwanangu, maana jibu la namna hiyo nalijua.

Sina matumaini makubwa, nisikufiche. Ukumbi umeshakodiwa, shangazi zako wameshashona sare, na wapiga vigelegele wa leo ni wengi kuliko wa wakati wangu. Nimezungumza na mama yako, akanambia watoto wa siku hizi wana uhuru wao, hakuna anayewalazimisha. Labda. Hata mimi hakuna aliyenilazimisha, kawaulize.

Basi nasaha yangu ni hii. Usiisubiri siku yenyewe, kwa sababu neno la mlangoni linakuja watu wameshavaa. Kama humtaki, njoo uniambie leo, hapa jikoni, na miguu yangu hii mibovu itanipeleka kwa baba yako. Kama unamtaka, niambie vile vile, kwa mdomo wako, si kwa bega. Na usijizoeze kuwasemea wanawake wa vitabuni ukadhani umeshajisemea wewe. Mie nilifanya hivyo nikapata alama nzuri. Ufungue tena ule ukurasa wa kengele, usome polepole, ujiulize jibu limekwenda wapi.

Mungu akupe sauti, mwanangu, na akupe chumba chenye watu wa kukusikiliza, maana mie nilipewa sauti peke yake. Jumamosi nitakaa ubavuni mwako, pale pale alipokaa shangazi yangu. Nitafunga mdomo wangu mpaka umalize kusema.